Dadu ikisema mhusika wangu kashindwa kujizuia, ni lazima nikubali?

#1 Ngao_Tupu
Wakuu, habari za humu.

Naomba mawazo yenu. Juzijuzi kikao chetu cha mchezo wa kuigiza wahusika mezani kimevunjika, na kwa kuwa msimulizi, yaani anayeendesha hadithi, nilikuwa mimi, lawama zote zimeniangukia.

Kisa chenyewe: tuko watano mezani. Mchezaji mmoja mhusika wake ni askari mstaafu aliyeacha pombe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwenye karatasi ya mhusika wake, "hajagusa chupa miaka mitatu", sikumtuma. Kikao cha sita askari anatoka kumzika kamanda wake, anaingia chumbani alikopangishwa, anakuta mwenyeji kamwekea chupa mezani. Nikamwambia arushe dadu ya utashi. Karusha, kakosa. Nikasema: "Unaifungua. Mpaka alfajiri imekwisha."

Jamaa akanyamaza. Akalaza penseli, akaigeuza karatasi kifudifudi, akasema "leo naishia hapa", akanyanyuka. Siku ya nne leo hajajibu ujumbe.

Waliobaki hawaelewani. Mmoja anasema upanga hukukata bila kukuomba ruhusa, kwa nini kishawishi kiombe? Mwingine anasema nimemnyang'anya mtu mhusika wake mbele ya macho yake. Sasa utashi wa mhusika ni mali ya nani, dadu au mchezaji?

#2 Pande20
Dadu ni dadu. Uzi ufungwe.

#3 Mchawi_Mstaafu
Mkuu #2 ungengoja hata tukae basi.

Mleta mada, tatizo lako ni la kihistoria. Michezo hii ya kuigiza mezani ilianza na Dungeons & Dragons mwaka 1974, na pale hesabu ilikuwa ya damu na dhahabu tu. Moyoni mwa mhusika hakuna aliyeingia. Ni Vampire: The Masquerade mwaka 1991 ndiyo iliyoleta "Utashi" kama kitu chenye namba, unacho kadhaa, unakitumia, kinaisha. Kabla ya hapo ukiulizwa mhusika wako anajisikiaje, unajibu wewe. Tangu siku ile ndipo dadu zilipopata mdomo.

#4 DaduMbovu
Dadu zangu mimi zingepewa mamlaka juu ya tabia, mhusika wangu angekuwa na wake wanne, wote mazimwi, na madeni kila mji.

#5 Kinyonga_wa_Pili
Mchawi, kwa heshima zote, hapo umepotosha, na wageni wanasoma.

Call of Cthulhu ni ya mwaka 1981, miaka kumi kabla ya hao wanyonya damu wako. Humo unaanza na alama za akili timamu ambazo ni uwezo wako wa roho mara tano, na kila ukiona lisiloonekana zinapungua. Ukipoteza tano au zaidi kwa mrusho mmoja, unarusha tena kuona kama umeelewa ulichokiona. Na hapa ndipo penye utamu: ukifaulu kuelewa, ndiyo unapata wazimu. Ukishindwa, umepona. Sijaona sheria nyingine ambayo kufaulu ni msiba namna hiyo.

Mwaka huohuo wa 1981 ilitoka Champions, ya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Ile ilikupa pointi za ziada ukikubali mhusika wako awe na udhaifu wa kisaikolojia, halafu ukibanwa unarushia dadu. Mwaka 1985 ikaja Pendragon, ya maaswari (askari wapanda farasi) wa mfalme Arthur: tabia zimepangwa mbili mbili, jozi 13, usafi dhidi ya tamaa, ushujaa dhidi ya woga, ukarimu dhidi ya uchoyo, na kila jozi jumla yake ni 20. Ukipanda huku unashuka kule. Tabia ikifika 16, msimulizi ana haki ya kukwambia urushe, na aswari wako anaweza kulala na asiyestahili huku wewe mwenyewe umekaa unashika kichwa.

Kwa hiyo dadu zilipata mdomo mapema sana.

#6 Mchawi_Mstaafu
Nimesahihishwa. Ila *neno* Utashi lenye vidoti vya kujaza kwa penseli, hilo waachie Vampire.

#7 Kinyonga_wa_Pili
Hilo nawaachia.

#8 Bi_Kikao
Mnazungumzia miaka na mtu kaondoka mezani. Mleta mada, kabla ya kampeni, yaani hadithi yenu ya vikao vingi, kuanza mlifanya kikao sifuri? Namaanisha kile cha kukaa bila dadu, mkaulizana nini mnakitaka na nini hamkitaki kabisa?

Nauliza kwa sababu uraibu ni mada ya kikubwa kama yalivyo mateso, ngono na vifo vya watoto, ila watu hawaihesabu. Akitajwa mtu anayechunwa ngozi, kila mmoja anainua kichwa. Ikitajwa chupa hakuna anayeshtuka, na kumbe mezani pana mtu aliyembeba baba yake mlevi mgongoni tangu ana miaka kumi. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa.

Utaratibu ninaoutumia mimi ni wa mistari na mapazia. Mstari ni kitu ambacho katika hadithi hii hakipo, hakitokei, hakisimuliwi. Pazia ni kitu kinachotokea ila hatukiangalii: mlango unafungwa, tunaruka mpaka asubuhi. Ungekuwa na pazia kwenye ulevi, usiku ule ungeishia kwenye kizibo.

#9 Ngao_Tupu
Tulikifanya dada, ndiyo maana nimechanganyikiwa. Tulikubaliana: ubakaji mstari, mateso pazia, watoto wasiguswe. Pombe haikutajwa na mtu, hata na yeye. Na ndiye aliyeiandika kwenye karatasi, mimi nikachukulia kaleta udhaifu ili nimchokoze nao.

#10 Pande20
Ndicho ninachosema. Kaandika mwenyewe, karusha mwenyewe, kakosa mwenyewe. Ukiweka bunduki kwenye karatasi yako unataka kupiga risasi. Ukiweka pombe unataka nini, kuitazama?

Siku hizi kabla ya kumchinja zimwi mnajaza fomu. Tulicheza miaka bila haya mambo na hakuna aliyekufa.

#11 DaduMbovu
Hakuna aliyekufa ila Pande20 kila kampeni anasimulia peke yake, wachezaji "wamesafiri".

#12 Pande20
Wamesafiri kweli.

#13 Karatasi_Nyeupe
Naomba niseme langu, linafanana na la mleta mada ila mimi nilikuwa upande wa pili wa meza.

Mhusika wangu alikuwa nahodha. Mwanamke, mkali, kapoteza jicho, hana mpango wa mapenzi. Tukafika kwa mwanamfalme fulani, msimulizi anasema anakurushia uchawi wa kukuvuta, jikinge. Nikakosa. Na mimi sina shida na kukosa. Nikaanza kuwaza nahodha wangu akimwona mtu ni rafiki atafanyaje, pengine atamwonyesha ramani, na hiyo ndiyo hatari kubwa.

Msimulizi hakusubiri. Akasema: "Unamtazama, magoti yanalegea, unavua mkanda wa upanga." Kwa sauti fulani ya kuchekesha. Meza nzima wanaume, wanacheka. Nakumbuka nilikuwa na dadu ya pande nane kiganjani, nikawa naizungusha kidole gumba kwenye ile ncha, naizungusha, sijui nijibu nini, maana nikikataa nitaambiwa nimeshindwa kukubali dadu.

Nilicheza mpaka mwisho wa kikao. Sikurudi tena. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, na pengine mpaka leo wanaamini nami "nilisafiri".

#14 Kinyonga_wa_Pili
Pole sana Karatasi. Na tena huyo msimulizi hata sheria alikuwa haijui. Kama ni D&D toleo la tano, la mwaka 2014, uchawi ule wa ngazi ya kwanza unasema tu utamwona aliyekurushia kama mtu mnayefahamiana na kupatana. Basi. Unadumu saa moja, na ukiisha unajua kabisa kwamba umefanyiwa. Hilo si limbwata. Wewe na ramani yako ulikuwa sahihi kuliko yeye.

#15 Karatasi_Nyeupe
Asante. Ila hata kama sheria ingesema limbwata, bado.

#16 Jino_Moja
Nitasimama na Pande20 kidogo, msinipige.

Nacheza Vampire tangu matoleo ya zamani. Kule mchezo wenyewe *ndio* huo: umekuwa mnyama na unajitahidi usiwe. Ghadhabu ikikushika unatumia alama ya utashi ujimudu kwa zamu moja, zamu inayofuata unalipa tena, na alama zinaisha. Nimewahi kukaa na alama moja, adui mbele, rafiki yangu anayevuja damu nyuma, na kila mtu mezani anajua hesabu yangu. Ile hofu huipati kama unaweza kusema tu "mhusika wangu anajizuia". Kila mtu hujizuia akiwa kakaa kwenye kiti. Nani huchagua kwa hiari kumng'ata rafiki yake?

Toleo la tano, la mwaka 2018, limekaza zaidi. Kuna dadu za njaa zinazochukua nafasi ya dadu zako za kawaida kadiri unavyokosa damu. Utashi unakuruhusu kurusha upya dadu mpaka tatu, lakini za njaa huzigusi.

Kwa hiyo ninachouliza ni kama mchezaji yule alijua amekaa kwenye meza ya namna gani. Aliyekuja kuanguka na aliyekuja kushinda hawawezi kutumia sheria moja.

#17 Kinyonga_wa_Pili
Hapo Jino umegusa kitu. Tukumbuke asili. D&D ilizaliwa na michezo ya vita ya kupanga majeshi mezani, na kule kikosi kikipigwa sana unarusha dadu kuona kama kinakimbia. Hilo lilihamia kwa mazimwi: toleo la msingi la mwaka 1981 kila kiumbe kina namba ya moyo kati ya 2 na 12, unarusha dadu mbili, zikipita namba hiyo kinatimua mbio. Wahusika wa wachezaji walisamehewa. Zimwi linaweza kuvunjika moyo, mtumishi uliyemkodi anaweza, wewe huwezi mpaka utake.

Naona ndiyo mzizi wa ugomvi wote huu. Tumelelewa kwamba woga ni wa wengine.

#18 DaduMbovu
Jino_Moja unasema "kila mtu mezani anajua hesabu yangu" kama vile ni mambo ya vampaya. Mimi hesabu yangu watu wanaijua na ni mhasibu tu.

#19 Zamu_Yangu
Niingie kidogo na saikolojia, msinichoke.

Hii picha ya utashi kama tangi linalopungua haikubuniwa na wanamichezo peke yao. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walichapisha jaribio maarufu: watu wenye njaa wanawekewa biskuti za chokoleti na figili, wengine wanaruhusiwa biskuti, wengine wanaambiwa wale figili tu huku biskuti zinanukia. Kisha wote wanapewa fumbo lisilo na jibu. Wa figili walikata tamaa baada ya kama dakika 8, wa biskuti wakafika kama 19. Hitimisho: kujizuia kunakula akiba, na ikiisha ndiyo imeisha.

Ikapendwa kweli. Halafu mwaka 2016 maabara 23 zikajaribu kwa pamoja, watu zaidi ya 2,000, kwa zoezi jingine la aina hiyohiyo, na athari waliyoipata ilikuwa karibu na sifuri.

Kwa hiyo ukiniambia "dadu imesema utashi umeisha", nitakuuliza imesema kwa elimu gani. Wapo wanaoona kuwa kinachobadilika ni hamu, kwamba mtu hachoki kujizuia ila anaacha kuona sababu. Askari katoka kumzika kamanda wake. Je, alichoka? Au aliuliza "najizuia kwa ajili ya nani"? Hayo ni maswali mawili tofauti na dadu moja haiyajibu yote.

#20 Mchawi_Mstaafu
Zamu somo zuri, ila mchezo hauhitaji kuwa kweli, unahitaji kuwa na uzito mkononi. Upanga nao haupunguzi "alama za uhai", mtu akichomwa tumboni hasemi nimebaki na 14.

Mfano ninaoupenda mimi ni Delta Green, ndugu wa Call of Cthulhu. Kuna alama za utashi, na kuna watu wako wa karibu wameandikwa kwenye karatasi kwa majina: mke, mtoto, rafiki wa jeshini. Ukiona jambo la kukuvunja akili unaweza kutumia utashi ulipunguze, dadu ya pande nne, na kiasi kilekile unakikata kwenye uhusiano na mmoja wa watu wako. Halafu msimulizi anataka kusikia: ukirudi nyumbani ulifanya nini? Mara ya kwanza nilikata tatu kwa binti wa mhusika wangu. Nikasema hakwenda kwenye mahafali yake. Hakuna aliyenilazimisha kusema mahafali. Dadu ilisema tatu tu.

#21 Bi_Kikao
Mchawi leo umenena, na sijui kama umeona ulichosema. Dadu ilisema tatu, *wewe* ukasema mahafali.

Kuna michezo iliyojenga nyumba nzima juu ya hilo. Fate inakupa alama ukikubali udhaifu wako ukuponze, na ukikataa unalipa alama. Hulazimishwi, unapangiwa bei. Apocalypse World ya mwaka 2010, mchezaji akijaribu kumshawishi mhusika wa mchezaji mwenzake, akirusha vizuri sana ni hivi: ukikubali unapata maendeleo, ukikataa unakuwa umejitia kwenye hatari na unarushia dadu yako. Mlango uko wazi pande zote ila sakafu imeinamishwa.

Ngao ungemwambia askari: "Umekosa. Ukinywa, pata alama moja ya bahati. Usiponywa, usiku mzima hulali na kesho unaanza umechoka." Basi. Angechagua.

#22 Pande20
Hilo nimelijaribu Bi_Kikao, tena si mara moja. Ukiweka alama kwenye pombe, kikao cha tatu meza nzima ni walevi. Nilikuwa na kasisi, mlinzi na mtoto wa miaka kumi na tatu, wote wanatafuta chupa ili wapate alama za kumpigia joka. Hakuna huzuni, hakuna kishawishi, ni biashara. Mwishowe kasisi analewa kwa ratiba.

Wewe mwenyewe umesema ni mada nzito. Sasa ukiiweka bei si ndiyo umeifanya nyepesi?

#23 Bi_Kikao
Hiyo hoja nakupa. Sina jibu zuri.

#24 DaduMbovu
Tarehe iandikwe, Bi_Kikao kampa mtu hoja.

#25 Mgeni_wa_Meza
Samahani wakubwa, mimi mpya, nimecheza mara mbili tu. Kadi ya X ni nini? Nimeisikia kwenye meza nyingine, na si ingemsaidia huyo jamaa?

#26 Jino_Moja
Ni kadi yenye herufi X katikati ya meza. Jambo likikukera unaigusa, linaondolewa kwenye hadithi, huulizwi kwa nini. Ilitoka kwa watu wa Vampire miaka ya tisini.

#27 Kinyonga_wa_Pili
Jino, jamani. Kadi ya X ni ya John Stavropoulos, mwaka 2013. Na ile mistari na mapazia ya Bi_Kikao ni ya Ron Edwards, mwaka 2003, iliandikwa kwa ajili ya mambo ya mapenzi na ngono mezani. Watu wa Vampire tuwape vidoti vyao, hatuwapi kila kitu.

#28 Jino_Moja
Sawa mwalimu.

#29 Karatasi_Nyeupe
Mgeni_wa_Meza, karibu. Kuhusu kusaidia, nina shaka. Siku ile ya nahodha, hata kama kadi ingekuwepo sidhani kama mkono wangu ungefika. Mtu akikwama amekwama. Kadi inamsaidia anayejua papo hapo kwamba hataki. Mimi nilijua nikiwa njiani narudi.

Msimulizi naye anaweza kuigusa, hilo watu husahau. Ngao alimwona jamaa kanyamaza.

#30 Ngao_Tupu
Nilimwona. Nikadhani anaigiza.

#31 Mgeni_wa_Meza
Hapo naomba mnieleweshe zaidi. Unajuaje mtu anaigiza huzuni au ana huzuni?

#32 Zamu_Yangu
Unauliza "wewe au mhusika?" Maneno matatu. Ukiwa na bahati anakujibu.

#33 Pande20
Na ukiuliza kila dakika tano mchezo umekufa.

#34 DaduMbovu
Nje ya mada: dadu za chuma au za plastiki? Nimeambiwa zangu zinakosa kwa sababu zina mapovu ndani.

#35 Mchawi_Mstaafu
Zidumbukize kwenye glasi ya maji uliyokoleza chumvi mpaka zielee. Zigeuze mara kadhaa. Upande mmoja ukiibuka juu kila mara, dadu haina mizani.

#36 DaduMbovu
Zimezama zote. Mojawapo imezama inaonyesha 1.

#37 Karatasi_Nyeupe
Turudi. Mimi nimefika mahali hapa, mniambie kama nakosea. Dadu iseme kuhusu mwili, mdomo uwe wangu. Mkono unatetemeka, koo imekauka, moyo unakwenda mbio kwa yule mwanamfalme, sawa, hayo niambie, sina ubishi, mwili haututii hata kwenye maisha. Ila kufungua chupa au kuvua mkanda ni tendo, na tendo nitalisema mimi. Hata nikisema kwa kushindwa.

#38 Jino_Moja
Nakubali nusu. Kwenye ghadhabu ya vampaya tendo ndilo linaloondoka mikononi mwako, mwili ndio unaotenda. Mstari wako unakatika hapo.

#39 Kinyonga_wa_Pili
Na kwenye GURPS, ya mwaka 1986, mchezaji kauza tendo lenyewe. Toleo la nne, udhaifu mwingi unauchagulia namba ya kujizuia: 6, 9, 12 au 15, kwa dadu tatu. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo unavyopewa pointi nyingi. Kanunua nguvu kwa rehani ya tabia. Akifika siku ya kulipa aseme mdomo ni wangu?

#40 Karatasi_Nyeupe
Aseme. Deni alipe, ila maneno ya kulipia ayatoe yeye.

#41 Jino_Moja
Kuna upande mmoja hatujaugusa. Tunasema kana kwamba mada za kikubwa ni kati ya msimulizi na mchezaji tu. Mwaka 2018 kitabu kimoja cha Vampire hiyohiyo ninayoitetea kiliyachukua mateso halisi ya mashoga kule Chechnya na kuyafanya njama ya vampaya. Watu walikuwa bado wanateswa. Wachapishaji waliomba radhi, wakaiondoa sehemu hiyo, na kampuni mama ikaivunja timu iliyokuwa ikijitegemea. Mimi napenda giza mezani, lakini siku ile nilijiuliza hili giza tumelikopa kwa nani.

#42 Pande20
Hapo sina utani. Ile ilikuwa aibu.

#43 Ngao_Tupu
MREJESHO.

Jamaa kanipigia jana usiku, tumeongea kama saa moja. Bi_Kikao, nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za baba mlevi, nilishatafuta hadi maneno ya kusema. Hakuna. Kwao hakuna mlevi. Kukosa dadu hakukumkera.

Anasema alipokosa alifurahi. Vikao vitano alikuwa akingoja ile chupa. Alikuwa ameshaona kila kitu: askari anashusha glasi mbili, moja anaiweka upande wa kiti kitupu, anamimina ya kamanda kwanza, inajaa mpaka inamwagika, na anaendelea kumimina. Alikuwa anatafuta sentensi ya kuanzia. "Nafungua mdomo, wewe umeshafika alfajiri."

Akaniambia ile "imekwisha" yangu ilimuuma kuliko kama ningemuua mhusika.

#44 Pande20
Yaani siku nne zote hizo ni kwa sababu ya kukatizwa sentensi?

#45 Karatasi_Nyeupe
Ndiyo.

#46 Jino_Moja
Nilisema. Alikuja kuanguka.

#47 Bi_Kikao
Alikuja kuanguka, lakini hakuna aliyejua mpaka alipopiga simu. Ngao hakujua, mimi sikujua, nikampa baba mlevi asiye wake. Bado nasema mngeulizana.

#48 Kinyonga_wa_Pili
Naona kila mmoja wetu kashinda uzi.

#49 Zamu_Yangu
Mleta mada, moja tu. Tuseme ungemsubiri, akafungua mdomo, akasema "askari anaitazama chupa, anaitupa dirishani". Na dadu imekosa. Ungefanyaje?

#50 Ngao_Tupu
Nilimuuliza hilohilo kwenye simu. Kacheka. Kasema "haingetokea". Nikamwambia jibu swali. Kanyamaza kidogo, kisha: "Basi ningerusha tena."

Jumamosi tunakaa. Tunaanzia chumbani, chupa haijafunguliwa.

#51 DaduMbovu
Mwambie namwazima zangu.